Mwalimu Aliyeogopa Radi

Kabila lake sitawaambia, wala jina lake, wala alizaliwa upande gani wa barabara ya Mahagi. Miaka ile ya vita, hapa Bunia, mtu aliyekuuliza jina la babu yako hakuwa anatafuta undugu. Alikuwa anatafuta mahali pa kushusha panga. Tukajifunza kuishi bila mababu, kama kuku wa kununuliwa sokoni, na yeye alituzidi wote kwa hilo. Siku moja kwenye kizuizi, kijana mwenye bunduki alimuuliza, "Muzee, weye iko kabila gani?" Akanyoosha tai yake akajibu, "Fizikia." Kijana akamgeukia mwenzake amuulize kama Fizikia ni watu wa kwetu ao wa kule. Mwenzake akasema anafikiri wanatoka upande wa Kisangani. Wakamwacha apite. Kisa hiki nimekisimulia mara elfu na kila mara kinarefuka, lakini tai ilikuwepo, kizuizi kilikuwepo, na alipita.

Tulimwita Mwalimu tu. Alitufundisha fizikia kwenye masomo ya jioni, katika jengo moja la matofali na mabati huko Rwambuzi. Nasema ya jioni, lakini kwa sababu ya vita jioni yetu ilianza saa nane mchana, ili kila mtu awe amejifungia kwake kabla ya giza. Wanafunzi tulikuwa watu wazima wenye ndevu, wajukuu na migongo inayouma. Mimi fundi cherehani. Jirani yangu wa benchi, Mama Zawadi, muuza samaki kavu, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, ambaye akicheka mbuzi wa viwanja vitatu vya jirani wanasimama kusikiliza. Sote tulitaka diplome ya serikali, na serikali yenyewe ilikuwa haionekani hata kwa darubini.

Mwalimu hakuwa mtu mtamu. Alikuwa mchoyo wa chaki, aliitumia hadi ikawa anaandika kwa kucha. Alitoa sifuri kwa furaha, akiichora duara nzuri na kuitia nukta katikati kama mtu anayepamba keki ya harusi. Akinuna, alinuna juma zima. Tai alikuwa nayo moja, ya rangi ya maini, na aliipiga pasi kuliko suruali.

Na aliogopa radi. Sijui niandike vipi ili mnielewe. Watu wengi wanaogopa radi. Mimi mwenyewe naiogopa, na hapa kwetu ina haki ya kuogopwa, kwa sababu mvua za Ituri hazinyeshi, zinashambulia. Lakini yeye aliiogopa kwa elimu. Sisi tuliogopa kelele. Yeye alijua kila kinachotokea ndani ya lile wingu, kwa mpangilio, na kila alichojua kilimwongezea jasho.

Wingu likianza kusimama upande wa ziwa, jeupe juu na jeusi tumboni, sauti yake ilipungua katikati ya sentensi. Alivua saa. Alitoa funguo mfukoni. Alitoa hata kalamu yenye kifuniko cha chuma, akaviweka vyote kwenye sahani ya plastiki mbali na kiti chake. Halafu alivua viatu vyake vya ngozi na kuvaa sapata za mpira alizobeba mwaka mzima ndani ya mkoba, katikati ya vitabu.

"Mwalimu," Mama Zawadi alimuuliza siku moja, "si ulitufundisha sapata haisaidie kitu? Ulisema radi imetoka mbali vile, imepasua hewa yote ile, haitashindwa na kampira ka kidole moja."

"Nilisema."

"Na unavaa?"

"Ile ilikuwa fizikia, Mama. Hii ni miye."

Mvua ikifika kabisa, alichuchumaa katikati ya darasa, mbali na kuta, miguu pamoja, mikono juu ya magoti, akaendelea kufundisha akiwa hivyo, kama chura mwenye tai. "Miguu pamoja!" alitupigia kelele. "Radi ikigonga chini, umeme unatawanyika mu udongo. Hapa iko nguvu, pale imepungua. Ukipanua miguu, unapanda kwa huu na kushuka kwa huu, na weye ndiyo waya!" Mwanga ukipita dirishani alifumba macho, midomo ikahesabu kwa Kifaransa, un, deux, trois, mpaka ngurumo ifike. Mwanga unafika papo hapo, alitufundisha, sauti inakuja kwa miguu. Gawa hesabu yako kwa tatu, utajua radi imeanguka umbali wa kilomita ngapi. Hesabu ikirefuka, rangi ilimrudia usoni. Ikifupika, tulimwona anazeeka.

Risasi, kwa upande mwingine, hazikumsumbua. Hili ndilo lililotushinda. Mji ulibadilisha wenyewe mara nyingi miaka ile; unalala chini ya hawa, unaamka chini ya wale. Mizinga ililia upande wa uwanja wa ndege, sisi tukalala chini ya mabenchi, na yeye akabaki amesimama na kipande chake cha chaki. "Hiyo ni ya watu," alisema. "Andikeni."

Mama Zawadi, kutoka chini ya benchi: "Mwalimu, kwani risasi ya watu haiue?"

"Inaua. Lakini mutu unaweza kumuomba. Radi haina masikio."

Nililiandika hilo kwa kalamu nyekundu, kama vile lilikuwa kanuni ya fizikia.

Somo lake kuu lilikuwa hilo hilo la radi, na alilifundisha kwa kutuchezesha. Mama Zawadi alipandishwa juu ya benchi.

"Weye ni wingu."

"Unanichagua kwa sababu ya unene, Mwalimu?"

"Kwa sababu ya sauti, Mama. Nyamaza basi."

Akaeleza. Hewa ya moto, yenye unyevu, inapanda mchana kutoka bonde la ziwa, inapanda mpaka kwenye baridi ambayo hakuna mtu wa Bunia ameionja. Matone yanageuka barafu. Kuna chembe nyepesi zinazopeperushwa juu, na kuna vijiwe vizito vya barafu vinavyoshuka, na huko njiani vinapishana, vinagongana, vinasuguana kama watu sokoni siku ya Jumamosi. Na kila vinapogongana, kimoja kinamwibia mwenzake chaji. Vyepesi vinapanda na ishara ya kujumlisha, vizito vinabaki chini na ishara ya kutoa. Muda si mrefu wingu moja limekuwa pande mbili, na kati yake hasira.

"Lakini ni maji moja, Mwalimu?" Mama Zawadi aliuliza kutoka juu ya benchi.

"Maji moja."

"Ya ziwa moja?"

"Ya ziwa moja."

Mle ndani tulikuwa tumekaa watu wa pande zote, na kila mmoja wetu alijua jirani yake wa benchi ni wa upande gani, ingawa tulijifanya hatujui. Nje kulikuwa na jua. Nakumbuka mtu alikohoa tu ili kuwe na sauti.

"Musiniingizie siasa mu wingu yangu," Mwalimu alisema, na chaki ikamvunjikia mkononi.

Akaendelea. Sisi wengine tulikaa chini sakafuni; sisi tulikuwa ardhi. Yeye mwenyewe akawa radi, akashuka kutoka kwenye benchi la Mama Zawadi kwa vipande: anashuka kidogo, anasimama, anachungulia kushoto, anachungulia kulia, anashuka tena. "Radi haianguke kama jiwe," alisema kwa sauti ndogo. "Inatafuta. Inagawanyika matawi, kila tawi linatafuta njia yake. Haijajua bado itamupata nani. Na ninyi, ardhi, hamulale! Wingu imewaamusha. Kila chenye kuwa juu kinanyanyua mukono kuelekea kwake: muti, nyumba, ng'ombe mu uwanja, kichwa ya mutu. Mukono hauonekane, lakini iko. Ukisikia nywele zinasimama, ujue umekwisha nyanyua wako. Halafu mukono moja unagusana na tawi moja. Paa! Njia imekamilika. Na ule mwanga mukubwa, muniamini ao musiniamini, unapanda kutoka chini."

Hewa ya njia ile, alisema, inakuwa moto kuliko uso wa jua, inapasuka, na hiyo ndiyo ngurumo. Radi nyingi haziji kabisa kwetu, zinapigana huko huko ndani ya wingu. Tulimshukuru Mungu kwa hizo. Baada ya somo hilo, kwa mwezi mzima hakuna aliyenyoosha mkono darasani. Ukiulizwa, ulijibu umeinamisha kichwa.

Na kila somo, hata la magurudumu, hata la maji kuchemka, lilimalizika namna moja. Alisimama mlangoni na mkoba wake na kuuliza:

"Nani anatuma radi?"

"Hakuna mutu!" tuliitika.

"Futa ubao."

Mpaka ubao ufutwe, somo halikuwa limeisha, na mtu hakuruhusiwa kuondoka hata kama nyumba yake inaungua.

Mgeni atauliza kwa nini swali hilo. Mtu wa kwetu hataliuliza. Kwetu radi haianguki tu, inatumwa. Ikigonga ng'ombe, watu hawaangalii juu, wanaangaliana. Nani aligombana na mwenye ng'ombe? Nani alinyimwa maziwa? Nililelewa hivyo, na Mama Zawadi hivyo, na tulipoitika "Hakuna mutu!" wengi wetu tuliacha mlango wazi kidogo moyoni, kwa usalama.

Alitueleza mara moja tu sababu. Alipokuwa kijana alifundisha katika mji mdogo wa Fataki. Radi iligonga nyumba moja, ikaua mtu na mke wake, na kabla ya jua kuzama watu walikuwa wamempata mwenye kosa: mjane aliyeishi peke yake, ambaye kosa lake lilikuwa kuwa na mdomo mkali. Walikuja kumchukua na fimbo. Mwalimu alisimama barabarani na kitabu mkononi, akaanza kuwaeleza habari ya barafu na chaji.

"Walikusikiliza?" niliuliza.

"Kwa heshima sana," alisema. "Halafu wakapita."

Alitoka akaenda kusimama kwenye baraza, na jua lilikuwa linawaka.

Kwa hiyo alipotujengea paratoneri, chuma cha kukinga radi, sisi tulijua anamjengea nani. Alipata bomba la maji lililonyooka, akalifunga juu ya mti mrefu wa mkaratusi, akausimamisha ubavuni mwa darasa ukapita paa. Kutoka kwenye ncha ya bomba alishusha waya mnene wa shaba. Alikoutoa, Mungu na yeye wanajua. Waya ukashuka ukaingia ardhini, na huko chini alizika rejeta ya kamyo lililokufa, akaizungushia makaa na chumvi. "Ikitaka kupita, ipite hapa," alisema. "Tunainyanyulia mukono wa chuma, ili watu washushe wa kwao." Siku hiyo alifurahi hata akasahau kununa.

Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba alifikiri kila mtu anayeangalia juu anaona anachokiona yeye.

Walikuja mchana mmoja wa mvua iliyokuwa bado haijanyesha. Wingu lilikuwa limesimama upande wa ziwa, na Mwalimu alikwisha vaa sapata. Wanaume wenye bunduki waliingia uani kama vile walikuwa wamepotea, halafu wakaacha kuwa wamepotea. Mkubwa wao alivaa kofia ya sufu ya rangi ya waridi, na hakuna aliyecheka. Nawaambieni, nimeona chui kwenye picha, nimeona mamba mfu, lakini kitu cha kutisha kuliko vyote duniani ni mtu mwenye kofia ya kuchekesha ambaye hakuna anayemcheka.

Alitusimamisha nje, migongo ukutani. Akanyoosha kidole juu.

"Ile chuma iko ya nini?"

"Paratoneri, afande," Mwalimu alisema.

"Iko antene ya foni, redio ya kusema na watu ya mbali. Unasema na nani? Unaambia adui siye tuko wapi?"

"Hapana, afande. Hakuna foni."

"Waya inaingia mu udongo. Chini iko nini?" Akatuangalia mmoja mmoja. "Chimba. Tukipata foni, weye unakufa hapa, na hawa wanafunzi yako ya foni wanakufa na weye."

Mama Zawadi alinishika kidole. Alikishika kwa nguvu hivi kwamba, bila kutia chumvi, kinauma hadi leo kukiwa na baridi.

Mwalimu alichimba. Mwanga ulipita ndani ya wingu, mbali. Niliona midomo yake inahesabu. Nami nilihesabu. Wote pale ukutani tulikuwa tunahesabu, tumezoeshwa, na tuliijua hesabu inafupika. Jembe likagonga chuma. Wale vijana wakasogea na bunduki. Akafukua kwa mikono: rejeta. Makaa meusi, yamelowa. Chumvi ya mawe.

Aliyekuwa karibu naye alirudi nyuma hatua kubwa. "Afande, hii haiko foni. Hii iko dawa."

Kofia ya waridi aliinama, akatazama bila kugusa. Sauti yake ilipotoka, ilikuwa nyingine.

"Hii chumvi iko ya nini?"

Na Mwalimu, maskini, alijibu kama mtu aliyeulizwa darasani. "Inasaidia umeme ya radi kuingia mu udongo haraka."

"Kwa hiyo radi inakuya hapa?"

"Ndiyo, afande. Ikikuya, inakuya hapa."

"Unaiita?"

"Ninaipa njia."

Kila alilosema lilikuwa kweli, na kila kweli ilimzamisha zaidi. Vijana waliacha kutuangalia sisi, wakawa wanaangalia wingu, halafu yeye, halafu wingu.

"Tumesikia habari zenu, watu ya radi," kofia ya waridi alisema. Aliinua bunduki kwa mikono miwili, na mtutu ulikuwa unahama kutoka kwa Mwalimu kwenda kwenye wingu, na hapo ndipo nilipoogopa kweli kweli, kwa sababu mtu mwenye bunduki anayeogopa hajui kungoja. "Sema sasa. Kama weye haiko mutu wa radi, basi hii chuma iko ya foni, foni umeificha, na ninyi wote munakufa. Ni weye unatuma radi?"

Upepo wa baridi ulikuwa umeanza, ule unaotangulia mvua, wenye harufu ya udongo. Mwalimu aligeuka akatuangalia. Alituangalia sote, kama anayeita mahudhurio. Sapata zake zilikuwa zimejaa matope.

"Ni miye," alisema.

"Sema tena."

"Ni miye ninaituma."

Mwanga ukaja, mweupe, karibu, nikaona vivuli vyao vimelala uani. Na yeye, kwa woga wake wa siku zote, kwa mazoea tu, alifumba macho, akakutanisha miguu, akaanza kuhesabu kwa sauti: "Un..."

Hakufika deux. Mbingu ilipasuka juu ya Rwambuzi yote.

Sijaona watu wakikimbia vile. Waliruka ua, waliruka mfereji, mmoja alipita katikati ya kamba ya nguo ya jirani akaenda na shuka la watu shingoni. Kofia ya waridi ilibaki kwenye matope. Mvua ikaanguka, na Mama Zawadi akakaa chini palepale ndani ya maji, akilia na kucheka, na kidole changu bado kiko kwake.

Tulipoingia darasani, Mwalimu alikuwa amechuchumaa katikati, mikono juu ya magoti. Alibaki hivyo hata mvua ilipokwisha. Kisha alichukua saa yake, funguo zake, kalamu yake, akaondoka bila kutuangalia. Hakuuliza swali. Hakusema futa ubao. Ubaoni lilibaki wingu alilokuwa amelichora, na hakuna aliyethubutu kulifuta.

Mngefikiri mambo yaliisha. Yalianza. Habari ilizunguka Bunia kabla nguo zetu hazijakauka. Watu walianza kuja kwake na kuku, wakinong'ona majina ya majirani wa kule ng'ambo ya barabara ambao wangependa wapate radi kidogo. Walipotoka hao, watu wa ng'ambo nao wakaja, na mbuzi. Aliwafukuza wote, nao walisifu: mwenye nguvu kweli hakubali haraka. Wanawake walivuka upande mwingine wakimwona njiani. Mama Zawadi, aliyeokolewa naye, alimpelekea samaki, akawaacha mlangoni, akakimbia.

"Mama, weye pia?" nilimuuliza.

"Najua barafu, najua chaji, najua yote," alisema. "Lakini nilimusikia na masikio yangu. Alisema un, ikapiga."

Halafu kofia ya waridi, ambaye sasa alikuwa na kofia nyingine, alituma mfuko wa sukari na salamu za heshima: wanamwomba Muzee aje nao mstari wa mbele, wamwonyeshe adui alipolala. Kesho yake asubuhi nyumba ya Mwalimu ilikuwa tupu. Sukari aliiacha kwenye kizingiti, na hata katika njaa ile hakuna aliyeigusa. Mimi nilimaliza masomo na mwalimu mwingine, mtu mzuri, asiyeogopa kitu wala kujua kitu, na diplome ninayo, imening'inia juu ya cherehani.

Nilimwona tena mara moja tu. Bunduki zilikuwa zimepungua, barabara zimefunguka kidogo, na mimi nilikuwa natoka Mahagi na vitambaa vyangu juu ya kamyo. Kabla hatujaenda mbali, mvua ilitukuta kwenye kilima. Barabara ikageuka uji, kamyo likakaa. Dereva, kijana mwenye maneno mengi, alishuka kufunga shitingi juu ya mizigo. Nilibaki ndani peke yangu, na mlango ukafunguka, akaingia mpita njia mmoja, mzee aliyelowa mpaka mifupa, na mkoba kifuani.

"Nisamehe, mutoto wangu. Mu kabini ya chuma iko vizuri. Umeme unapita inje, unatuzunguka, unaenda..."

Macho yake yakaangukia miguu yangu. Nilikuwa nimekwisha kutanisha miguu. Ndivyo alivyonijua.

"Fundi cherehani," alisema.

"Mwalimu."

Hakukuwa na tai. Sapata zilikuwepo. Alivua saa, akatafuta mahali pa plastiki pa kuiweka, nikampa kopo langu la plastiki la chakula. Aliniambia amefundisha hapa na pale, lakini kila mahali anapokaa habari humfikia kabla ya mshahara: siku moja mtu anakuja na kuku. Hapo anahama. Aliuliza habari za Mama Zawadi. Nikamwambia yuko, ameongezeka sauti. Akatabasamu, mwanga ukapita, akafumba macho, un, deux, trois, quatre, ngurumo.

Kioo cha mbele kilikuwa kimejaa mvuke wa pumzi zetu. Aliinua kidole, akachora wingu. Ishara za kujumlisha juu, za kutoa chini. Tawi linaloshuka kwa vipande. Chini, mkono mdogo unaonyanyuka.

"Siku ile nilifundisha vibaya," alisema.

"Mwalimu, ulituokoa. Wote tuko wazima."

"Najua. Hata leo ningesema vile vile." Alikuwa anaangalia mchoro wake, si mimi. "Lakini ni neno la mwisho mulisikia kwangu. Yule mujane wa Fataki, walimupiga juu ya neno lile, kwamba mutu anatuma radi. Na mimi nimelisema mbele ya darasa langu, na somo likabaki wazi. Miaka yote hii linabaki wazi." Mwanga mwingine. Alisubiri ngurumo ipite juu yetu, na kabini ikatetemeka. Kisha, macho yakiwa yamefumbwa: "Nani anatuma radi?"

Nitawaambia ukweli mtupu. Ule mlango mdogo nilioacha wazi moyoni tangu utoto ulikuwa bado wazi, na siku ile ya kofia ya waridi ulipanuka ukawa geti. Nilimwangalia mtu huyu aliyelowa, anayetetemeka mpaka meno yanagongana, akishikilia magoti yake kama mtu atakayeibiwa magoti.

"Hakuna mutu, Mwalimu," nilisema.

"Tena."

"Hakuna mutu."

Alishusha pumzi ndefu, kioo kikazidi kufifia.

"Futa ubao."

Nikafuta kwa mkono wa shati. Na pale ambapo palikuwa na wingu, nyuma ya kioo, tukamwona dereva wetu amejikinga mvua, ameegemea mkaratusi mrefu kuliko kanisa, peke yake juu ya kilima kizima.

Mwalimu alipiga ukelele. Alinipanda miguuni, akalalia honi kwa viganja viwili, na honi ya kamyo lile ilikuwa ya kuamsha wafu. "Toka! Toka chini ya muti! Kimbia!" Dereva hakusikia neno, lakini alisikia honi yake ikichezewa, akaja mbio na matope, akafungua mlango kwa hasira.

"Munaiba kamyo yangu?"

"Ingia, mutoto wangu," Mwalimu alisema, tayari amejikunja katikati ya kiti, miguu pamoja, macho yamefumbwa. "Ingia, funga mulango."

Aliingia. Mwanga ukatuchoma macho sote watatu, na nikasikia tukihesabu wawili. Dereva alimwangalia yule mzee, akanisogelea sikioni.

"Huyu muzee iko nani?"

"Ni mwalimu wangu," nilisema kwa sauti, ili na mwenyewe asikie. "Anaogopa radi."

"Ah," dereva alisema, akavuta miguu yake karibu. "Hata miye."